Kicheko cha Safu ya Mbele

Shemeji yangu alikuwa mtu wa kupiga. Nasema hivyo mapema ili nisije nikaonekana namsengenya baadaye. Wapo watu wa kuimba, wapo wa kulima, wapo wa kupiga domo barazani. Yeye alikuwa wa kupiga watoto wa watu, na alikuwa na kazi iliyompa ruhusa. Alifundisha hisabati katika shule ya sekondari ya bweni, ya wavulana, tena ndiye alikuwa mwalimu wa nidhamu. Wanafunzi walimbatiza jina la Nyundo. Jina hilo alilijua na lilimfurahisha. Dada yangu akimuuliza kwa nini amechelewa kurudi nyumbani, alijibu huku anavua viatu, "Nyundo alikuwa kazini, mke wangu."

Mimi nilikuwa nesi wa shule hiyo hiyo. Zahanati yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maktaba: vitanda viwili, kabati la dawa, sinki lililovuja, na dirisha lililotazama uwanja wa gwaride. Shemeji alichana, mimi nikashona. Walimu wenzetu walitutania kwamba ukoo mmoja umeikamata shule pande zote mbili, na walicheka sana kwa utani wao huo. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Hakuzaliwa hivyo, lazima niseme. Alilelewa na baba yake mdogo, fundi wa magari, aliyemchapa kwa mkanda wa feni kila ripoti ya shule ilipofika, na mara nyingine kabla haijafika, ili kuokoa muda. Akafaulu. Kati ya watoto wote waliokulia kwenye gereji ile, ni yeye peke yake aliyefika chuo. Basi akajumlisha kama mtu wa hisabati: nilipigwa, nikafaulu, kwa hiyo na nyinyi mtapigwa mfaulu. Wale binamu zake waliopigwa kwa mkanda ule ule wakaishia kusukuma mikokoteni, hao hakuwaweka kwenye hesabu. Nilimwambia hivyo siku moja mezani kwake, akanikodolea macho kama nimemtukania mama yake.

"Shemeji," akasema, "wewe washone, mimi niwatengeneze."

"Unawatengeneza au unawaharibu?"

"Matokeo yanaongea."

Na kweli yaliongea, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumgusa. Shule yetu ilikuwa inashika nafasi za juu, wazazi walipanga foleni kuleta watoto, na Mkuu wa shule, mtu mpole mwenye miwani mikubwa na uti wa mgongo mdogo, alimwita Nyundo "injini yetu". Injini ikinguruma, yeye alifunga dirisha la ofisi yake.

Mwisho wa mwaka ndio ulikuwa msimu wa mavuno wa shemeji. Kwanza ulikuja mtihani wa majaribio kwa darasa la kumaliza, halafu mahafali pamoja na zawadi na hotuba, halafu mtihani wenyewe wa taifa. Matokeo ya majaribio aliyasoma kwa sauti uwanjani, shule nzima imepanga mistari. Sharti lake lilijulikana: kila alama iliyopungua chini ya kiwango alichoweka ni fimbo moja. Mtoto alipiga magoti, akakumbatia benchi la mbao, akapokea mgongoni. Ukipiga kelele, anaanza upya. Mwaka ule nilifunga dirisha la zahanati lakini sauti ilipita kwenye kioo, pwaa, pwaa.

Alikuwepo kijana mmoja wa darasa hilo waliyemwita Redio, kwa sababu hakuzimika. Aliweza kuigiza sauti ya mtu yeyote, hata yangu, na niliwahi kumsikia nje ya zahanati akisema, "Vua shati, usinitolee macho, sindano haijaua mtu," nikacheka mwenyewe peke yangu kama mwehu. Alama zake zilipungua nyingi. Alipokumbatia benchi, badala ya kunyamaza akaanza kutangaza kama mtangazaji wa mpira: "Nyundo anaukokota, anaingia eneo la hatari, anaachia shuti, aaah, mgongo umeokoa!" Mistari yote ikaangua kicheko. Watoto walikuwa hawajacheka kwa wiki nzima, walivunjika mbavu hadi wengine wakakaa chini.

Nyundo hakucheka. Aliweka fimbo chini, akamwinua Redio kwa ukosi wa shati, akamzaba kofi la sikio ambalo nililisikia nikiwa ndani. Kijana alianguka kama gunia. Waliponiletea, damu ilikuwa imetiririka mpaka shingoni na aliniomba niseme kwa sauti zaidi. Kiwambo cha sikio kilikuwa kimepasuka. Nilimsafisha, kisha nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu na mikono yangu ikiwa bado na damu, ili aione.

"Nesi, tusiharibu hali ya hewa," Mkuu akasema, anatazama ukuta. "Mahafali yamekaribia. Tukimaliza sherehe tutakaa kikao."

"Mtoto hasikii!"

"Si ana lile jingine?"

Wallahi alisema hivyo. Nilitoka, maana ningebaki ningekuwa mimi ndiye wa kuitiwa kikao.

Sasa nimtaje mtoto wa shemeji, ambaye hadithi hii ni yake kuliko ya mtu mwingine. Alikuwa kitinda mimba wa dada yangu, nasi tulimwita Mziwanda hata alipoanza kuota ndevu. Alisoma darasa moja na Redio na alilala bwenini kama wenzake, kwa sababu kanuni ya darasa la kumaliza haikumbagua mtu. Kitu kimoja kilimbagua: baba yake hakumpiga kamwe. Dada yangu, alipomwona mumewe kazini mara moja tu kwa bahati mbaya, alikula kiapo kwamba siku atakapomgusa mwanawe kwa fimbo, yeye anafungasha nguo anarudi kwetu. Shemeji alilitunza neno hilo, na kwa hilo nilimheshimu. Siku ya matokeo jina la Mziwanda lilisomwa pia, na zake pia zilikuwa zimepungua. Baba akasema, "Wewe kasimame kule, na waliofaulu." Kijana akatembea kutoka mstari huu hadi ule, macho ya shule nzima yako mgongoni mwake. Nyundo aliona ametimiza ahadi ya ndoa. Wavulana waliona vingine.

Kuna mambo niliyaona yakanikera bila kuyaelewa. Mziwanda hakuwahi kukanyaga zahanati, hata akiwa na homa. Jumapili alipokuja nyumbani kwao alikaa kwenye ncha ya kiti, hakuegemea. Nilimwambia, "Hebu vua shati nikuone," akacheka, "Mama mdogo, kazi umeiacha kazini jamani," akatoka zake. Mama yake alipombana alisema ni jipu.

Mahafali yetu yalikuwa na desturi ambayo sijaiona shule nyingine. Baada ya kwaya, hotuba na zawadi, wanaomaliza walicheza igizo la kumwiga mwalimu mmoja mbele ya wazazi wote. Mwalimu huyo aliwekewa kiti cha katikati, safu ya mbele kabisa, na kazi yake ilikuwa moja tu, kucheka. Akikasirika ameshindwa. Mwalimu mmoja wa jiografia aliwahi kununa akaondoka. Walimtungia wimbo, akaomba uhamisho kabla muhula haujaisha. Nyundo aliigizwa kila mwaka na kila mwaka alicheka kuliko watu wote. Hilo lilikuwa fahari yake. "Mtu asiyeweza kuchekwa hawezi kuongoza," alipenda kuniambia.

Anayeigiza kupigwa alivaa gunia lililokunjwa chini ya shati, na gunia hilo walilijaza vumbi la chaki. Kila fimbo ikishuka, wingu jeupe likaruka. Hapo ndipo wazazi walipokuwa wanakufa kwa kicheko, wanakohoa na kufuta macho. Mwaka ule Redio alichaguliwa kuwa Nyundo, nani mwingine? Na aliyejitolea kupigwa alikuwa Mziwanda. Shemeji alipoambiwa alifurahi mno. Alinijia zahanati makusudi kunitangazia.

"Unaona? Mwanangu hana kinyongo na mtu. Na yule Redio naye ameshasahau. Watoto wa kiume ndivyo walivyo."

"Redio hajasahau, shemeji. Redio hasikii."

Akaondoka anapiga mluzi.

Siku ikafika. Mahema mawili, viti vya plastiki vya kukodi, jukwaa la mbao lililopigiliwa na mafundi seremala wetu wa shule, maikrofoni iliyokoroma. Wazazi walikuwa wamevaa vizuri wakajibana. Baba yake Redio, mwashi mwenye mikono mipana, alikuja na koti ambalo ni dhahiri lilikuwa la mtu mwembamba zaidi. Mimi nilikaa pembeni ya jukwaa na sanduku langu la huduma ya kwanza, kwa ajili ya wanaozimia na jua. Dada yangu alikaa kando ya mumewe, kitambaa kipya kichwani, anang'aa.

Redio alipoingia, mto tumboni, suruali imepandishwa hadi kifuani, hema liliinuka kwa kelele. Alitembea kama shemeji kabisa, visigino kwanza, kidevu juu. "Hesabu haidanganyi!" akanguruma kwa sauti ile ile. "Nani kapungukiwa?" Shemeji alijipiga paja akicheka. Mziwanda akatoka nyuma ya pazia, akapiga magoti, akakumbatia benchi. Watu wakazidi kucheka, maana waliomjua walinong'ona kwamba huyo ndiye mtoto wa mwenyewe.

Fimbo ikashuka. Vumbi halikuruka.

Nilidhani wamesahau kujaza chaki. Ikashuka ya pili, na safari hii sauti ilinifikia vizuri. Gunia lina sauti yake, inazama, buf. Hii ilikuwa pwaa, niliyoisikia dirishani miaka yote. Nikasimama. Vidole vya Mziwanda vilikuwa vimebana benchi hadi vimebadilika rangi. Nikamtazama shemeji, kwa sababu kama kulikuwa na mtu mmoja duniani anayeijua sauti ile kuliko mimi, ni yeye. Alikuwa ameijua. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye mgongo wa mwanawe. Lakini mdomo ulikuwa wazi na ulikuwa bado unacheka, ha ha ha, kwa nguvu, watu wamwone.

Redio alisita. Akainama kama anayemkemea mwanafunzi, na mimi niliyekuwa karibu nilimsikia akisema, "Tuache." Mziwanda akajibu bila kuinua kichwa, "Bado. Endelea." Redio akapiga tena huku machozi yanamtoka, na wazazi wakampigia makofi kwa uigizaji mzuri. Kwenye shati jeupe ulitokea mstari mwekundu, mwembamba, halafu mwingine ukaukata. Safu za mbele zilianza kunyamaza. Za nyuma, ambazo hazikuona, ziliendelea kushangilia na kudai aongezwe.

Dada yangu akamshika mumewe mkono. "Baba watoto, huyu mtoto anaumia."

"Kaa," shemeji akasema, bado meno nje. "Ni mchezo. Usituaibishe."

Alimshika kifundo cha mkono amkalishe. Dada yangu, mwanamke ambaye sijawahi kumwona hata akiua mende, alimng'ata mkono. Alipanda jukwaa kwa kutambaa, kitambaa kikabaki kwenye msumari wa ngazi, akamsukuma Redio, akapandisha shati la mwanawe hadi mabegani.

Nikafika na sanduku langu na nikaona walichoona wote. Chini ya mistari mibichi ya siku ile palikuwa na mingine, mingi, imepandana. Iliyokauka, iliyonyauka, iliyogeuka makovu meusi yanayong'aa, kutoka shingoni hadi kiunoni. Mgongo wa mtoto ambaye baba yake hajawahi kumpiga. Dada yangu alitoa mlio ambao sitaki kuusikia tena.

Mziwanda akasimama taratibu, akavuta maikrofoni.

"Mama, za leo ni chache," akasema, na sauti yake ilitulia kupita kiasi. "Hizi nyingine ni za zamani. Baba akimpiga mtu uwanjani, jioni bweni linanirudishia mimi. Fimbo kwa fimbo. Wanahesabu vizuri, amewafundisha mwenyewe." Akageukia wazazi. "Redio hajawahi kunigusa. Yeye ndiye aliyekuwa anawazuia. Leo nimembembeleza sana, msimlaumu."

Shemeji akaruka jukwaani. Namshukuru Mungu kwamba kwa kufumba na kufumbua niliamini anakwenda kumkumbatia mwanawe. Alimpita. Alimnyang'anya Redio fimbo akaanza kumshushia, kichwani, usoni, popote, anafoka, "Umemuua mwanangu! Umemuua mwanangu!" Redio alikunja mikono juu ya lile sikio lake bovu akaanguka. Hapo ndipo yalipoanza ya patashika nguo kuchanika. Baba yake Redio alipanda na kiti cha plastiki, koti likampasuka mgongoni, akampiga nacho shemeji hadi kikabaki miguu mitupu mkononi mwake. Shemeji hakugeuka hata kidogo. Aliendelea kupiga mbele kama mtu anayekata kuni. Meza ya zawadi ilipinduka, vikombe vikaviringika, Mkuu alionekana mara ya mwisho akiingia chini ya turubai la hema.

Mziwanda akajitupa juu ya rafiki yake. Fimbo ya baba ikamshukia yeye, kwenye majeraha yale yale, na nyingine, na nyingine, kabla macho ya shemeji hayajaona ni nani aliyelala pale. Kiapo alichokitunza miaka yote kikaishia hapo, mbele ya wazazi, juu ya jukwaa la mahafali. Alipoona alisimama na mkono ukiwa bado juu.

Mkono haukushuka wenyewe. Wavulana walikuwa wameshapanda. Sikuwahi kujua kwamba tuna watoto wengi hivyo; walikuja kwa mngurumo, wanaomaliza na wasiomaliza, na viti, na mbao za jukwaa lenyewe, wakamfunika. Nilisikia mfupa. Nilipigwa kiwiko cha mdomo nikaonja damu. Wangemuua, sitii chumvi. Aliyewatoa ni yule yule mwashi. Aliwachota mmoja mmoja na kuwarusha chini ya jukwaa, akilia na kufoka, "Basi! Basi, wanangu! Mtafungwa kwa ajili ya huyu?" mpaka wakabaki wanahema.

Nilipata wagonjwa wangu wakati jua bado liko juu. Shemeji nilimlaza kitanda cha dirishani, mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, umevunjika, mbavu sijui ngapi, jicho moja limefumba. Mziwanda alilala kifudifudi kwenye kitanda kingine. Redio alikataa kitanda, akakaa sakafuni kando ya sinki, amegeuza upande wa sikio zima ili asipitwe. Dada yangu alikuwa nje anatafuta gari la hospitali. Hakuwa ameingia, na kwa jinsi alivyopita mlangoni bila kumtazama mumewe nilijua nguo zitafungashwa.

Nilianza kumshona Mziwanda. Hakupiga kelele. Alikuwa amezoea kutopiga kelele, na jambo hilo lilinichoma kuliko majeraha.

Baada ya muda shemeji akaita kwa sauti iliyopasuka. "Mwanangu."

"Naam, baba."

"Kwa nini hukuniambia? Wakati wote huo. Ningewakomesha."

"Ungewapiga," Mziwanda akasema. "Nami ningerudishiwa."

Nikavuta uzi.

"Lakini leo," shemeji akasema, "leo ilikuwa nini? Kujidhalilisha vile, mbele ya watu? Ulitaka nini kwangu?"

Mziwanda aligeuza uso ukaangalia kitanda cha baba yake. Redio akasema kutoka sakafuni, taratibu, "Usimwambie."

"Tulikubaliana, mimi na Redio," Mziwanda akasema. "Apige za kweli. Wewe sauti unaijua. Na tukakubaliana kwamba ukisimama tu, hata kama husemi kitu, ukiinuka tu kwenye kile kiti, anaacha na igizo limekwisha. Sisi wawili tunakuja kukaa na wewe na yote tunayamaliza. Redio alitaka kuacha mapema. Mimi ndiye niliyemwambia bado, baba atasimama."

Shemeji akageukia ukuta kwa shida, mbavu zikamkata pumzi, na mabega yakaanza kutikisika.

Nilimwambia Mziwanda atulie, zilikuwa zimebaki nyuzi chache.